Nobu Hushikwa Mwisho

Boksi la koilova likifunguliwa gereji, mkono wa kwanza huenda kwenye nobu. Ni kidude cha alumini kilichopakwa rangi, kimekaa kichwani mwa shokapu, na ukikizungusha kinatoa kliki moja baada ya nyingine. Mwenye gari husikiliza kliki zile na kuanza kuota kona za barabara ya Magadi. Fundi mzoefu huchukua rula ya chuma na kupima kitu kisicho na rangi wala mlio: rodi ya shokapu inaweza kuingia milimita ngapi kabla haijafika mwisho.

Huo ndio mwendo wa shokapu, na karibu kila lalamiko nitakalolieleza katika sura hii linaanzia hapo. Gari linagonga, linarukaruka, linakataa kona, linatafuna tairi upande mmoja, na mwenye gari anaendelea kuzungusha nobu. Nobu haina kosa lolote na pia haina msaada wowote, kwa sababu tatizo liko mahali ambapo haifiki.

Nachukua mfano wa Subaru Impreza ya umbo la GD, WRX na STI, zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 2000. Zipo nyingi Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, na vipuri vyake havikosekani Grogan wala Gerezani. Miguu yake yote minne ni ya mtindo wa MacPherson, kwa hiyo ukiuelewa mmoja umeielewa karibu yote. Nyingi ziliingia zikiwa zimetumika Japani, na baadhi zilishuka bandarini zikiwa na koilova za mwenye gari wa kwanza, bila kitabu, bila spana, na kola zimegandia kwenye hesi.

Jina la Impreza huku kwetu lilijengwa na Safari Rally. Colin McRae alishinda nayo mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000. Tafuta picha za magari yale uyatazame vizuri: yamesimama juu, yana paipu ya kuvutia hewa iliyopanda kwa ajili ya mito, na magurudumu yana nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Halafu tazama Impreza za mtaani zilizopakwa bluu na kuwekwa rimu za dhahabu kwa heshima ya ushindi huo. Zimeshushwa hadi bampa inaparuza kila tuta. Sina ugomvi na anayependa gari lililo chini, ila aelewe kwamba kilichomshindia McRae ni kile hasa alichokiondoa.

Koilova ni shokapu iliyovaa springi yake, mwili wake umekatwa hesi kwa nje ili kola inayobeba springi iweze kupanda na kushuka. Ziko za aina mbili, na aliyenunua bila kujua tofauti yake ataumia baadaye. Aina ya kwanza ina kola ya springi tu: ukitaka kushusha gari, unashusha kola. Aina ya pili ina pia kikombe cha chini chenye hesi, kile kinachofungwa kwenye nakoli, chuma kinachobeba gurudumu, na shokapu nzima inazama ndani yake. Hapo urefu wa gari unaubadilisha chini, na springi huigusi kabisa.

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu haya yote ni maneno ya kijiweni. Chukua STI yenye kilo 1,450. Injini iko mbele, kwa hiyo tuseme asilimia 58 ya uzito inakaa mbele. Kila gurudumu la mbele linabeba kilo 420 hivi. Toa tairi, rimu, breki na nakoli ambazo springi haizibebi, tuseme kilo 45. Zinabaki 375. Koilova nyingi za Kijapani za gari hili huja na springi za mbele zenye ugumu wa kilo 8 kwa milimita, maana yake kila kilo 8 zinaibonyeza milimita moja. Kwa kilo 375, springi inabonyea milimita 47 gari likiwa limesimama tu.

Sasa weka shokapu yenye mwendo wa milimita 120. Imeshatumia 47, zimebaki 73. Lakini kwenye rodi kuna mpira wa kikomo, ule wa njano au mweusi unaozuia chuma kugonga chuma, na tuseme una urefu wa milimita 40. Kwa hiyo gurudumu lina milimita 33 za kupanda kabla halijaanza kukandamiza mpira. Ukiwa na koilova ya aina ya kwanza na ukashusha kola milimita 30, umebakiwa na tatu. Gari hilo halina sasipensheni tena, linatembea juu ya mipira minne, na kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa dereva. Mwenyewe atasema shokapu ni ngumu mno, atalegeza nobu hadi mwisho, na hali itazidi kuwa mbaya kwa sababu sasa gari linaufikia mpira kwa kasi zaidi.

Njia ya kuhakikisha haihitaji mashine. Pandisha kifuniko cha vumbi, funga ziptai ndogo kwenye rodi, isukume mpaka iguse mdomo wa shokapu, kisha endesha njia yako ya kila siku pamoja na matuta yake. Ukirudi, ziptai imesukumwa mpaka pale rodi ilipoishia kuzama. Ikiwa imekwama chini ya mpira wa kikomo, jibu umeshalipata na hukulipa mtu. Kwa shokapu zilizogeuzwa kichwa chini, kama zile za kiwandani za STI, mbinu hii haiwezekani kwa sababu rodi imejificha ndani ya mwili. Hizo itabidi uzisome kwa alama za kukandamizwa kwenye mpira wenyewe.

Kuna imani imezagaa gereji nyingi kwamba ukiikaza springi kwa kuipandisha kola, unaifanya kuwa ngumu. Springi iliyosukwa sawasawa toka juu hadi chini haibadiliki ugumu kwa kubanwa. Ile ya kilo 8 inabaki kilo 8. Ukiibana milimita 10 kabla gari halijashuka kutoka kwenye jeki, umeweka ndani yake kilo 80, na kwa kuwa gari litaweka 375, kilo zile 80 zinamezwa mara tu gurudumu linapogusa chini. Kinachobadilika ni mgawanyo wa mwendo. Badala ya rodi kuzama 47 inazama 37, kwa hiyo umeongeza milimita 10 za kupanda na kupunguza 10 za kushuka. Kwenye koilova ya aina ya pili unaweza kufanya hivyo kisha ukaufupisha mwili kutoka chini ili gari lirudi urefu uleule. Kwa barabara zenye matuta makali, mimi huona milimita tano hadi kumi za mkazo huo ni biashara nzuri. Zaidi ya hapo, gurudumu la ndani linaanza kuning'inia kwenye kona kwa sababu halina pa kushukia, na kwenye gari linaloendesha magurudumu yote hilo unalisikia kwenye usukani mapema.

Ufungaji wenyewe nitaupitia haraka, maana fundi anayejua kufungua shokapu ya kawaida anaweza kufunga koilova. Mambo mawili tu ndiyo yanayoharibiwa kila mara. La kwanza ni nati ya juu ya rodi. Watu huipiga kwa mashine ya hewa, rodi inazunguka nayo, na kwenye shokapu yenye nobu ndani ya rodi kuna pini nyembamba inayopeleka amri ya nobu chini kwenye vali. Ukiizungusha rodi ovyo unaweza kuharibu sili na pini kabla gari halijatoka gereji. Shika rodi kwa ufunguo wa Allen, kaza nati kwa mkono, malizia kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu.

La pili ni bushi. Bushi za loa amu na za mikono ya nyuma ni mpira uliogandishwa kwenye chuma nje na ndani. Mpira huo hauzunguki, unajisokota. Ukikaza bolti zake gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yananing'inia, umeufunga mpira katika mkao huo. Gari likishushwa, kila bushi inakuwa imesokotwa muda wote, inasukuma gari juu, na baada ya miezi michache inachanika. Urefu uliopima siku ya kwanza unakuwa wa uongo. Legeza bolti hizo zote, shusha gari juu ya mbao au lifti ya magurudumu, litikise, kisha ndipo ukaze. Mafundi wengi hawafanyi hivyo kwa sababu kuingia chini ya gari lililoshushwa ni taabu. Lazimisha.

Kabla hujaendesha, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili na utazame paipu za breki na waya za ABS. Zisivutike, zisisugue tairi.

Urefu wa gari unapimwa kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi. Ukipima kutoka sakafuni unapima pia upepo wa tairi na mteremko wa gereji. Hata hivyo madigadi nayo si ya kuaminika sana kwenye gari lililokwisha kugongwa na kunyooshwa, na haya yetu mengi yamenyooshwa. Ukiona upande mmoja umezidi milimita sita au saba huku kola ziko sawa, pima pia kutoka kwenye chesisi, pale jeki inaposhika, kabla hujaanza kulipotosha gari lifuate bodi iliyopinda.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: Impreza iliyoshushwa mno hulala zaidi kwenye kona. Sababu iko kwenye ubunifu wa Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani ambaye mtindo wake Ford iliuonyesha London mwaka 1950 kwenye Consul na Zephyr. Aliondoa mkono wa juu kabisa. Shokapu yenyewe ndiyo nguzo: chini imefungwa kwa bolti mbili kwenye nakoli, juu imeshika bodi, na loa amu moja inashikilia upande wa chini. Ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza, na ndiyo maana imeenea dunia nzima. Lakini mahali ambapo bodi inajizungushia inapolala kwenye kona hutegemea pembe ya loa amu hiyo. Loa amu ikiwa imelala sawa au imeinama kidogo kuelekea gurudumu, mambo ni mazuri. Ukilishusha gari hadi loa amu inapanda kuelekea gurudumu, kitovu hicho kinazama haraka kuliko bodi ilivyozama, na bodi inapata mkono mrefu zaidi wa kujiangusha nao. Wakati huohuo fimbo ya usukani inabadilisha pembe yake, na gurudumu likipanda kwenye tuta linajigeuza lenyewe kidogo kushoto au kulia. Dereva atakwambia gari linatangatanga barabarani. Atapelekwa kupiga alaimenti mara tatu na haitasaidia.

Dawa ni boljointi ndefu zinazorudisha loa amu kwenye pembe yake, au kulipandisha gari. Kwa barabara zetu mimi nachagua kupandisha. Milimita 15 hadi 25 chini ya urefu wa kiwandani zinatosha kulifanya gari lionekane na kutulia. Chini ya hapo unanunua picha.

Alaimenti inafuata urefu, kamwe haiutangulii, kwa sababu kila milimita unayoshusha inahamisha kemba, yaani mlalo wa gurudumu, na tou, yaani uelekeo wake. Kwa gari la barabarani linaloonjeshwa kona mara moja moja, kemba ya mbele ya nyuzi 1.5 hadi 2 kuelekea ndani inafaa, nyuma pungufu kidogo ya hiyo, tou ya mbele sifuri. Koilova nyingi za Impreza zina sahani juu ya mauntingi za kurekebisha kemba, na pia bolti ya juu ya nakoli ya mbele ya kiwandani ni ya yai, nayo hurekebisha kemba. Chagua moja ya kurekebishia na nyingine uiache katikati. Nimeona gari ambalo sahani zilivutwa ndani kabisa na bolti za yai zikageuzwa nje, zikifutana, na mashine ya alaimenti ikaandika namba nzuri. Na kama tairi inalika upande wa ndani, usikimbilie kuilaumu kemba. Tou iliyokosewa inamaliza tairi kwa wiki chache, kemba ya nyuzi mbili peke yake inachukua muda mrefu zaidi.

Sasa nobu.

Shokapu haibebi gari, hilo ni la springi. Kazi yake ni kuinyima springi uhuru wa kucheza baada ya kubonyea, na nguvu yake inategemea kasi ya rodi. Kwenye koilova za nobu moja, kama zile za Tein za barabarani, nobu hugusa zaidi upande wa kurudi, pale rodi inapotoka nje, na kidogo upande wa kubonyea. Zungusha kwa mwelekeo wa saa, taratibu kwa vidole, hadi ikome: hapo ndipo mwanzo wa kuhesabu. Rudi nyuma ukihesabu kliki. Tein nyingi zina kliki 16, kwa hiyo nane ni katikati. Usihesabu kutoka upande laini, kwa kuwa huko mwisho wake hauko sawa kwa kila shokapu. Na usiikaze kwa koleo, sindano iliyo ndani ni nyembamba.

Anza katikati pande zote nne, kisha tafuta kipande kimoja cha barabara unachokijua vizuri, chenye tuta, kona na mabonde madogo yanayofuatana. Badilisha ekseli moja kwa wakati, kliki mbili au tatu, na uandike. Gari likivuka tuta na kuendelea kuyumba juu chini zaidi ya mara moja, limelegea mno. Kosa la upande wa pili ni gumu kulitambua. Nobu ikiwa imekazwa sana, gurudumu likibonyea kwenye bonde la kwanza halipati muda wa kurudi kabla ya bonde la pili. La tatu linalikuta chini zaidi, la nne chini zaidi, na gari linazama lenyewe kidogo kidogo hadi kwenye mpira wa kikomo. Ukiona barabara ya mabonde inaanza vizuri na kuishia kwa vishindo, legeza, usikaze. Kinyume na hisia, kulegeza kunalifanya gari lishike barabara zaidi.

Kwenye kona, pua ikienda nje, legeza mbele au kaza nyuma kidogo. Nyuma ndiko watu wanakosahau, kwa sababu kwenye Impreza ya buti lazima ufunue vitambaa na plastiki kuifikia nobu. Matokeo yake ni magari mengi yenye mbele iliyosomeshwa na nyuma iliyobaki kama ilivyotoka kwenye boksi.

Baadaye huja kelele, na kila kelele ina tabia yake. Mlio wa kugonga taratibu kwenye mawe madogo, mwendo mdogo, upande mmoja, mara nyingi ni stebilaiza linki. Ukishusha gari, linki ya kiwandani inakuwa ndefu kupita kiasi, inainama, na boljointi zake zinachoka. Fungua linki pande zote mbili, endesha mita mia mbili kwa uangalifu. Kelele ikitoweka, umeshampata mwizi.

Mlio wa chuma kukatika, "tang", usukani unapogeuzwa gari limesimama, ni springi. Mwambie mwenzako akae ndani ageuze usukani polepole, wewe ingiza mkono kutoka juu ya tairi na uweke vidole viwili kwenye koili. Utaihisi ikijisokota, ikijisokota, kisha inaachia kwa ghafla na vidole vinapigwa. Beringi ya mauntingi imekufa au haikuwahi kuwekwa, na springi inageuka pamoja na shokapu huku kichwa chake kimeshikwa. Wengine hupaka grisi, na wiki inayofuata kelele inarudi. Weka beringi.

Mgongano mkavu kila gurudumu linaposhuka, hasa baada ya kuvuka tuta, unatoka kwa springi iliyolegea, haina mkazo hata kidogo, inaacha kiti chake na kukirudia. Pandisha kola milimita mbili tatu, kaza kola ya chini yake kwa spana ya ndoana, piga alama ya rangi kwenye hesi uone kama inazunguka yenyewe.

Mgongano usio na mpangilio kutoka juu, unaouhisi kwenye kanyagio, ni mpira wa chuma wa mauntingi, ule unaouzwa kwa sifa za mbio. Umetengenezwa kwa viwanja safi. Vumbi letu linaingia ndani yake na kuusaga. Kama gari ni la kwenda kazini, nunua mauntingi za raba na usiombe radhi kwa mtu yeyote.

Ukipita yote hayo na gari bado linayumba, na nobu unazungusha huoni tofauti, vua shokapu husika. Futa rodi kwa kitambaa cheupe. Oili mbichi ikionekana, sili imeisha. Ikiwa kavu, isimamishe wima sakafuni, bonyeza rodi kwa uzito wako nobu ikiwa imefungwa, kisha ikiwa imefunguliwa, ukilinganisha na ya upande wa pili. Ikishuka kwa urahisi uleule mara zote mbili, au ikidondoka ghafla katikati ya mwendo, vali au pini ya ndani imeharibika. Öhlins huuza vipuri vya kuzifungua koilova zake na kuzijenga upya. Nakala za bei nafuu mara nyingi zimefungwa moja kwa moja na haziwezi kufunguliwa, na hilo ni vizuri kulijua dukani kabla ya kulipa. Wakati unasubiri sili zifike kutoka nje, rudisha springi na shokapu za kiwandani zote nne, maana kuchanganya mbele ya koilova na nyuma ya kawaida kutalifanya gari lipeleke pua nje kwenye mvua ya kwanza.